Injini ya Mvuke Isiyo na Jina, Kutoka Kabati la Malindi

Mtu akikuletea injini ndogo ya mvuke iliyolala kabatini tangu enzi za wazee, mkono wa kwanza hukimbilia msasa. Uzuie. Kutu, grisi iliyoganda, rangi iliyobanduka na skrubu isiyofanana na wenzake ndiyo maandishi yaliyobaki kwenye chombo kisicho na jina, na ukishayafuta hakuna wa kukusomea tena. Najua tunavyopenda vyombo ving'are, shaba zetu na milango yetu ni ushahidi, na mimi napenda vilevile. Lakini kung'arisha ni kazi ya mwisho, tena wakati mwingine haifanywi kabisa.

Mvuke niliujua kwanza ule mkubwa. Nilihudumia boila kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo huko Pemba. Pale mvuke hupitishwa kwenye makonyo ya karafuu, ukatoka umechukua mafuta, ukapozwa ukarudi maji, na mafuta yakajitenga yakazama chini kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Nilichojifunza pale kuhusu maji, moto na vali ndicho kilichoniongoza baadaye nilipohamia Unguja na kuanza kutengeneza injini ndogo za kukaa juu ya meza. Ukubwa hutofautiana, tabia ya mvuke ni moja.

Injini ninayotaka kuieleza ilikuwa ya familia moja ya Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe hapa Unguja. Bi mkubwa wa nyumba aliniita baada ya kusikia kwa jirani kwamba natengeneza vitu hivi. Nilipomwamkia "Shikamoo mama," akaitikia marahaba, akanikalisha barazani, akamtuma mjukuu wake alete debe la biskuti. Ndani yake, imefungwa kwa kipande cha kanga, ilikuwamo injini ya wima ya kimo cha shubiri moja hivi: silinda juu, nguzo ya chuma katikati, gurudumu zito ubavuni, na yote imekaa juu ya kibao cheusi kwa mafuta. Haizunguki. Haina kibati cha jina, haina namba, haina boila.

"Hii, mwanangu, ni ya treni ya Seyyid Barghash," akasema, akimtaja sultani wa Zanzibar wa karne ya 19. "Baba yangu alikuwa fundi wa serikali, naye aliipata kwa fundi mwengine. Ndivyo tulivyokuwa tukisikia."

Sikubisha wala sikukubali. Nikamwomba ruhusa ya kuipima kabla ya kuigusa kwa kitu chochote.

Swali la kwanza mbele ya injini ya namna hii ni kama ni toi au ni modeli. Matoi ya mvuke yaliyouzwa kwa watoto wa Ulaya yana sura zake: kitako cha bati lililopigwa chapa, boila ya shaba ya njano iliyolala, na mara nyingi silinda inayocheza huku na huku badala ya kuwa na vali yake. Ya Bing wa Nürnberg hubeba herufi GBN kwa yale ya zamani na BW kwa yale ya miaka ya 1920, kabla kampuni haijaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mamod za Birmingham zilianza 1937. Wilesco wa Ujerumani walitoa injini zao za kwanza 1950. Ukiona bati na rangi za kupendeza, tafuta huko. Hii ya Malindi ilikuwa chuma cha kusubu kitupu, nzito mkononi, na ukiichungulia pembeni unaona mstari mwembamba ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Hiyo ni modeli ya kihandisi: imemiminwa, ikakerezwa, ikafungwa kwa mkono.

Nikatoa kalipa. Gurudumu: milimita 76 na nukta. Kimo cha mwendo wa pistoni sikuweza kukipata kwa kuwa imeganda, nikapima umbali wa pini ya krenki kutoka katikati ya shafti nikauzidisha mara mbili: milimita 19. Mdomo wa silinda, baadaye nilipoufungua, ulikuwa kidogo zaidi ya 19. Kwa milimita, namba hizi hazina maana. Hakuna mchoraji anayekaa mezani akachagua 76 na 19. Zigeuze inchi, zote zinakaa sawa: inchi 3 kamili, na robo tatu ya inchi kwa robo tatu ya inchi. Kwa hiyo mchoro ni wa mtu aliyefikiri kwa inchi. Ujerumani imekwishatoka kwenye orodha.

Skrubu zikasema zaidi. Nilichomoa moja ndogo ya kifuniko cha silinda, ile iliyokuwa tayari imelegea, nikaisafisha kwa brashi ya meno na mafuta ya taa. Unene wake milimita 2.5. Mtu wa haraka angesema ni ya metriki ya kawaida, maana M2.5 ipo madukani. Lakini pima meno kumi kwa pamoja: ya M2.5 huchukua milimita 4.5, haya yalichukua 4.8. Hiyo ni BA namba 7, mfumo wa Waingereza wa skrubu ndogo, ambao kwa namna ya ajabu umejengwa juu ya milimita: namba 0 ina unene wa milimita 6 na hatua (nafasi kati ya jino na jino) ya milimita 1, kisha kila namba inayofuata hatua yake ni tisa ya kumi ya iliyotangulia. Pembe ya jino lake ni nyuzi 47 na nusu, wakati ya metriki ni 60. Nati ya M2.5 huingia kwenye stadi (skrubu isiyo na kichwa, iliyosimama kungoja nati) ya 7BA mizunguko miwili au mitatu kwa ulaini kabisa, halafu inakaza. Hapo ndipo stadi nyingi za zamani zimekatika. Ukihisi inakaza, irudishe.

Inchi tatu, robo tatu kwa robo tatu, wima, skrubu za BA, chuma cha kusubu: kwa anayezijua injini hizi, hiyo ni 10V ya Stuart Turner. Sidney Marmaduke Stuart Turner alikuwa akisimamia mitambo ya umeme wa jumba la Shiplake Court, karibu na Henley-on-Thames, miaka ya mwisho ya karne ya 19, akabuni modeli yake ya kwanza na kuuza vipande vyake vya kusubu kwa watu wakajimalizie wenyewe. Kampuni ikaandikishwa 1906. Watu waliletewa sanduku: silinda ghafi, nguzo ghafi, gurudumu ghafi, mchoro na skrubu. Kazi ya kukereza na kutoboa ilikuwa ya mnunuzi. Wengine walinunua iliyokamilika kutoka kiwandani.

Hapa pana jambo linalowapotosha wengi wanaotafuta "nani kaitengeneza." Injini kama hii ina wazazi wawili. Mchoro na chuma ni vya Henley. Mkono uliokereza unaweza kuwa wa mtu yeyote popote alipokuwa na mashine ya kukereza. Ukisema tu "ni Stuart" umeeleza nusu. Nusu ya pili inatafutwa kwenye alama za zana: mashimo yaliyokwenda kombo kidogo, uso uliopigwa tupa kwa mkono, kitu kilichobadilishwa.

Na vilivyobadilishwa vilikuwapo.

Kibao kwanza. Nilikigeuza nikakwangua kidogo chini, mahali pasipoonekana. Ndani ya weusi mkatoka manjano iliyokolea, ile ya mfenesi uliozeeka. Mbao ile ile ya milango yetu. Henley hakuna mfenesi. Kimerandwa vizuri, kona zimekatwa mtindo wa fremu ya mlango, na mashimo ya bolti yametobolewa kwa keekee ya upinde, maana shimo lina ile pana-nyembamba inayoachwa na keekee iliyoyumba.

Fimbo ya vali ikanisimamisha kwa muda mrefu zaidi. Ilikuwa nyembamba kuliko inavyopaswa, unene wa milimita 2, na kwenye tundu inamopitia mtu alikuwa amepachika bushi ndogo ya shaba ya njano ili mvuke usivuje pembeni. Mwisho wake una meno yaliyofinywa, hayakukatwa: nyama ya chuma imesukumwa juu mpaka meno yamezidi unene wa waya wenyewe. Nilihesabu kwa kioo cha kukuzia, meno 56 kwa inchi. Ni spoku ya baiskeli. Fundi fulani, hapa hapa mjini, fimbo ya vali ilimkatikia au ililika kwa kutu, hakuwa na ya kununua, akatazama baiskeli. Akakata spoku, akakereza bushi ya kuijaza nafasi, na kazi ikaendelea.

Pete ya eksentriki (kisahani kisichokaa katikati ya shafti, kinachoendesha fimbo ya vali) nayo ilikuwa imepasuka sikio, ikaungwa. Maungio ni meupe, membamba, yameingia ndani ya ufa kwa usafi ambao risasi ya kawaida ya kuungia haiwezi. Nilimpelekea sonara mmoja wa Mji Mkongwe aitazame. Aliishika kwenye mwanga, akasema bila kusita, "Hii fedha. Kazi ya mwenzetu." Nilipomhadithia bi mkubwa, alinyamaza kidogo, kisha akasema baba yake alikuwa na rafiki sonara, walikuwa wakikaa pamoja barazani baada ya alasiri, na yeye akiwapelekea kahawa.

Kuhusu Seyyid Barghash nilimweleza taratibu. Reli yake ilitoka kwenye kasri mpaka Chukwani, maili 7 hivi. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha 1881 akaagiza kichwa cha treni cha mvuke kwa Bagnall wa Uingereza. Alifariki 1888 na reli ikaondolewa. Miaka hiyo Stuart Turner hajauza modeli hata moja, kwa hiyo injini hii haikuweza kuwa kwenye karakana ya Barghash. Treni ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani 1905 na kubeba abiria mpaka miaka ya 1920, inaingiliana na umri wake, na pengine kwenye masimulizi ya nyumbani treni mbili ziligeuka moja. Sikuiandika hiyo kama habari ya injini, nilimwambia tu kwamba miaka inakubali.

"Basi baba hakusema uongo," akajibu. "Waliochanganya ni sisi watoto." Sikuona huzuni yoyote usoni mwake. Alifurahia spoku kuliko alivyowahi kuifurahia treni.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kufungua. Kila kipande nilikipiga picha mahali pake kabla ya kukitoa, na kila nati ikarudi kwenye stadi yake mwenyewe au kwenye kikaratasi chenye namba. Katika injini iliyomaliziwa kwa mkono, kifuniko kinachoonekana kingeweza kukaa namna nne kwa kweli hukaa namna moja tu, kwa sababu mashimo yalitobolewa pamoja. Niliweka nukta ndogo ya kalamu upande mmoja. Usipige alama kwa patasi; hiyo ni kuongeza maandishi yako juu ya ya mwenzio.

Pistoni iliganda kwa kutu ya maji yaliyoachwa ndani. Nilijaza silinda mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nikafunika, nikaiacha. Siku kwa siku naongeza, napasha silinda kwa mashine ya kukaushia nywele, nasukuma gurudumu kwa vidole tu. Nyundo haina kazi hapa: konrodi ni nyembamba na krenki hupinda kabla pistoni haijasogea. Ilipotoka ilitoka yenyewe, kwa mwendo wa nusu milimita, halafu milimita, halafu ikaja.

Ndani ya mfereji wa pistoni na kwenye glandi (tundu inamopita fimbo, linalozibwa mvuke usivuje) mlikuwa na nyuzi za kijivu zinazovunjikavunjika. Nataka niliseme hili kwa uzito wake, kwa kuwa vijana wengi huzipuliza kwa mdomo. Pakingi, yaani nyuzi za kuzibia, za mvuke wa zamani mara nyingi ni asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na madhara huja baada ya miaka mingi. Lilowanishe kwanza kwa maji yenye tone la sabuni, litoe likiwa bichi kwa ndoano, vaa glovu na barakoa, funga kwenye mfuko mara mbili, na usilikwangue kavu hata siku moja. Rangi ya zamani nayo huwa na risasi, hivyo kwa sababu hiyo hiyo msasa mkavu juu yake haufai. Pakingi mpya niliyoweka ni uzi uliotiwa grafiti. Kwenye glandi ya vali uzi wa tefloni unatosha.

Vipande vya chuma vyenye kutu nzito, yaani sahani ya chini na gurudumu, nilivitoa kutu kwa magadi. Beseni la plastiki, maji, magadi vijiko vichache, chaja ya betri ya volti 12. Kipande chenye kutu kinafungwa kwenye waya hasi, na kipande cha chuma chakavu kwenye chanya, visigusane. Kutu hulegea na kugeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi, na chuma kizima hakiliwi. Fanyia uwanjani penye upepo, kwa kuwa hewa inayobubujika ni haidrojeni, inayowaka. Usitumie chuma kisichoshika kutu kama chakavu chako, kinatoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Na ukimaliza, kausha hapo hapo na upake mafuta. Kwa hewa yetu ya chumvi, chuma kilichotoka kwenye magadi kikiachwa kitupu jioni, asubuhi kimeshavaa vazi jipya la rangi ya chungwa.

Shaba ya njano bibi zetu wanaijua: ukwaju. Unafanya kazi vizuri kwenye vikombe vya mafuta na nati za glandi. Ila usiroweke. Asidi ikikaa muda mrefu huiondoa zinki usoni, na shaba ya njano ikabaki na wekundu usio wake. Paka, sugua, suuza, basi.

Nati nne zilikuwa hazipo. Madukani Darajani huwezi kupata BA. Lakini redio za zamani za Kiingereza zilifungwa kwa BA, na mafundi redio hawatupi skrubu. Mmoja alinimwagia makopo matatu juu ya meza, akaniambia nichague. Nilipata za namba 4 na 6 kwa wingi, ambazo zitanifaa siku nyengine. Za namba 7 hazikuwamo, kwa hiyo mpwa wangu aliyeko Portsmouth akanitumia chuma cha kukatia meno ya 7BA, nikazitengeneza mwenyewe kwa shaba. Kifaa hicho sasa kinazunguka mjini kwa mafundi wenzangu na kila anayekiazima anakirudisha kimepakwa mafuta, jambo ninalolishukuru sana.

Silinda ilikuwa na vidoa vya kutu, na katikati imepanuka kidogo kwa kulika. Kuna wanaoipeleka moja kwa moja kwa fundi wa kukereza ikapanuliwe na kuwekewa pistoni mpya. Kwa injini itakayozungushwa siku za sikukuu tu mbele ya wajukuu, sioni haja. Niliisugua taratibu kwa kijiti kilichovikwa msasa laini sana na mafuta mpaka ncha za kutu zikatoka, vidoa nikaviacha. Pakingi inaziba tofauti hiyo. Chuma kilichokerezwa hakirudi.

Kazi niipendayo kuliko zote ni kupanga vali, na ndiyo wengi wanaiogopa bure. Fungua kifuniko cha chumba cha mvuke. Utaona matundu matatu: mawili ya pembeni yanapeleka mvuke juu na chini ya pistoni, la katikati ni la kutokea. Juu yake kinateleza kibati chenye umbo la kisanduku kilichofunikwa. Zungusha gurudumu kwa mkono na utazame. Hatua ya kwanza, rekebisha nati kwenye fimbo mpaka kibati kifungue tundu la juu na la chini kwa kiasi kile kile. Hatua ya pili, weka pistoni juu kabisa, legeza skrubu ya eksentriki, izungushe kuelekea upande unaotaka injini iende, mpaka tundu la juu lianze tu kuonyesha mstari wa mwanga. Kaza. Peleka pistoni chini kabisa, uone kama tundu la chini nalo linaonyesha mstari huo huo. Eksentriki ikikaa sawa inakuwa imeitangulia krenki kwa robo mzunguko na kidogo. Ukikosea utasikia kwa sikio: injini inapiga moja kwa nguvu, moja kwa kulegea, mithili ya mtu anayechechemea.

Jaribio la kwanza usilifanye kwa mvuke. Nilimpelekea fundi pancha wa mtaani, mwenye kompresa, nikapunguza mpaka bar 1, nikatia mafuta, nikafungua. Ikavuta pumzi, ikageuka mara moja, ikakataa. Nikaisaidia kwa kidole. Ikashika. Watu wa pale waliacha bao lao wakaja kutazama, na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi melini akawa anawaeleza watoto kila kipande kinafanya nini, kwa usahihi kamili. Spoku ya baiskeli ilikuwa inapanda na kushuka ndani ya bushi yake bila kutoa hewa.

Boila ni habari nyengine, na hapa nitakuwa mkali. Nimeona vijana wakitaka kuchemsha maji kwenye kopo la rangi au mtungi mdogo wa gesi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Nguvu hiyo yote imezuiwa na ule ukuta uliouamini. Kopo lililofungwa kwa risasi ya kawaida lina hatari mbili, kwa kuwa risasi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi. Mvuke wa bar 2 ni nyuzi kama 134 tu, kwa hiyo maji yakiwepo unajiona salama. Maji yakiisha na moto unawaka, ukuta mkavu unapita 183 upesi sana.

Boila niliyoitengenezea injini hii ni ya bomba nene la shaba nyekundu, na miisho yake imekunjwa kutoka bamba la shaba hiyo hiyo. Shaba nyekundu ukiigonga inakuwa ngumu na mwisho hupasuka. Kila ikianza kukataa nyundo unaipasha mpaka iwe nyekundu kidogo, unaitia majini, inalainika tena. Maungio yote ni ya fedha, ambayo huyeyuka juu ya nyuzi 600. Tochi ya sonara haitoshi kwa ukubwa huu, maana shaba inanyonya moto na kuusambaza. Tulitumia bana kubwa ya gesi, tukaizungushia matofali ya kuzuia joto, na sonara akasimamia fedha mwenyewe. Alisema anataka kuwe na mkono wa sonara kwa mara ya pili kwenye chombo hiki.

Kuijaribu: jaza maji baridi mpaka hewa yote itoke, kisha pampu kwa mkono mpaka mara mbili ya kiwango utakachotumia. Mimi nitatumia bar 2, nikaipeleka bar 4, nikaiacha hapo nikitazama geji na kupapasa kila maungio kwa kitambaa kikavu. Kwa maji baridi, ikipasuka inatoa tone na sindano ya geji inaanguka. Kwa mvuke, ingetoa kila kitu. Vali ya usalama nayo niliijaribu peke yake, ifungue kabla ya bar 2 na nusu, mara kwa mara, bila kukwama. Kule kiwandani Pemba tulifundishwa kwamba ukianza zamu unathibitisha maji kwanza, kwa kufungua na kufunga koki za kioo cha kuonyeshea maji na kuona maji yanashuka na kupanda yenyewe, ndipo unaangalia moto. Boila hii ndogo ina kioo chake, na mjukuu wa bi mkubwa hawashi spiriti mpaka amenionyesha maji yakicheza.

Mafuta ya silinda ya mvuke si yale ya gari. Yanatakiwa mazito, yenye mafuta ya mnyama ndani yake, yanayoshika chuma chenye unyevu. Huingia kwa kikombe kidogo kwenye bomba la mvuke: mvuke kidogo unaingia kikombeni, unapoa, unakuwa maji, maji yanazama, mafuta yanapanda na kumwagikia njiani. Hakuna pampu, ni uzito tu. Baada ya kila kazi toa maji ya kikombe, geuza injini ikiwa bado ya moto ili silinda ijikaushe, kisha tia mafuta mepesi na uzungushe kwa mkono. Kutu iliyoigandisha injini hii ilianzia kwenye maji ya siku moja ambayo hakuna aliyeyatoa.

Rangi ilileta mjadala. Mjukuu aliona picha za injini za aina hii, kijani kibichi na gurudumu jekundu linalometa, akataka iwe hivyo.

"Babu mkubwa angependa iwe mpya," akaniambia.

"Yeye ndiye aliyeipaka hii ya kijivu, ami," nikamjibu.

Chini ya vichwa vya bolti tulikuta kijani cha mwanzo, na juu yake kijivu kizito, kile cha kupakia boti. Nilimwonyesha pale brashi ilipopita, mpaka mahali ambapo unywele mmoja wa brashi umeganda ndani ya rangi. Bi mkubwa akasikia, akaja, akapitisha kidole juu ya unywele ule. Mazungumzo ya rangi yakaishia hapo. Niliisafisha kwa kitambaa na mafuta, nikapaka nta, na kibao cha mfenesi nikakitia mafuta ya nazi kidogo tu.

Mwisho niliandika karatasi, nakala mbili, moja ikakaa ndani ya debe la biskuti na nyengine anayo bi mkubwa. Imesema: mchoro wa Stuart Turner 10V, vipimo vyote kwa inchi na kwa milimita, skrubu ni BA, kibao, fimbo ya vali na maungio ya eksentriki ni kazi ya Zanzibar, zisibadilishwe. Kisha nikaorodhesha nilivyoviongeza mimi: nati nne za shaba, ambazo kila moja ina nukta ndogo upande wa chini, pakingi zote, na boila nzima. Mjukuu akauliza mbona nimeandika hata pakingi, kitu cha uzi. Nikamwambia fundi atakayeifungua baada yetu atataka kujua kwamba uzi ule anaweza kuugusa kwa mkono mtupu.